Kafyu, Bibi na kitabu cha buibui

Kitabu chenyewe niliiba. Ukitaka kunisitiri, sema niliazima. Ijumaa ya tarehe 20 Machi 2020, siku shule zote za Uganda zilipofungwa kwa sababu ya korona, kilikuwa ndani ya mkoba wangu kwa kuwa nilitaka kuandalia somo la Jumatatu. Jumatatu hiyo haikufika. Shule yenyewe, ya mtu binafsi, kule Kampala nilikokuwa nafundisha Kiingereza, ilikwenda na korona. Mara ya mwisho kupita pale nilikuta madarasa yamegeuzwa stoo ya kreti za soda. Sasa ningemrudishia nani?

Kinaitwa Charlotte's Web, kazi ya Mmarekani E. B. White, kilitoka mwaka 1952. Ni hadithi ya kitoto cha nguruwe, Wilbur, aliyezaliwa dhaifu kuliko ndugu zake, na buibui jike, Charlotte, aliyemwokoa asichinjwe kwa kuandika maneno ya kumsifu kwenye utando wake. Nilikuwa nimekifundisha miaka mitatu mfululizo. Nilikuwa na maswali yake na majibu yake kwenye daftari: taja wahusika wakuu, urafiki ni nini, umejifunza nini. Ungeniamsha usiku wa manane ningekujibu.

Niliwahi kufika nyumbani Tororo kabla magari ya abiria hayajasimamishwa. Nilimkuta Mama na mpwa wangu, binti wa dada yangu, wakati huo ana miaka 10, darasa la nne. Dada ana kibanda cha chakula Malaba, mpakani na Kenya, anapikia madereva wa malori. Korona ilipoingia, watu wakaanza kusema inakuja na madereva, naye akamtuma mtoto kwa bibi yake, yeye akabaki na masufuria yake.

Watu huniuliza inakuwaje Mganda aongee Kiswahili nyumbani kana kwamba ni lugha ya mama yake. Ni lugha ya mama yangu. Yeye Mteso, marehemu baba Mjapadhola, walikutana Nakuru baba akiwa fundi wa reli, na hakuna aliyekuwa tayari kujifunza lugha ya mwenzake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 wakarudi Tororo na sanduku moja, cherehani moja na Kiswahili. Tulizaliwa tukakikuta ndani, kama kabati.

Mama na mjukuu wake walikuwa marafiki, nasema marafiki hasa, na kama ilivyo desturi walitaniana kama wake wenza.

"Mke mwenza, umeamkaje?"

"Salama, mke mwenza. Mume wetu kaacha pesa ya sukari?"

Mume mwenyewe yuko nyuma ya mwembe, chini ya saruji, tangu 2009. Lakini ule utani wa sukari ulikuwa na mzizi. Mama alikuwa na kisukari, daktari alishamkataza, na mtoto ndiye aliyekabidhiwa kopo alifiche. Mwanamke yule alitumia akili zake zote kulipata. Aligundua kwamba mtoto anapenda hadithi kuliko kula, akaweka bei: hadithi moja, nusu kijiko. Nilijifanya sioni. Ninyi mngefanyaje? Miaka 70 na kitu, amefungiwa ndani, magoti yamekataa, halafu umnyime nusu kijiko.

Kafyu ilikuwa saa moja jioni. Baada ya hapo ni sisi watatu, taa ya sola, na mkeka. "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo!" Hadithi za Mama zilikuwa za Sungura na Fisi, zilezile nilizokua nazo. Kila usiku Fisi anakufa. Leo ametumbukia kwenye chungu cha uji, kesho ameshonewa ndani ya gunia akatupwa mtoni, keshokutwa ameliwa na Simba kwa kosa la Sungura. Na kila usiku unaofuata Fisi yupo, mzima wa afya, tamaa ileile, na hakuna anayeuliza ametokea wapi. Sijawahi kulifikiria jambo hilo hadi mwezi ule wa Mei, hadithi za Mama zilipoisha na mimi nikatoa kitabu changu cha wizi.

Nilikuwa nasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo. Sura ya kwanza ilinipa kazi ndogo: msichana wa miaka 8, Fern, anamwona baba yake anatoka na shoka, anaambiwa nguruwe amezaa na mmoja ni mdogo mno hatafaa kitu. Anamkimbilia baba, anang'ang'ania shoka. Mpwa wangu alisikiliza bila kupepesa. Nami, mwalimu mzima, sikukumbuka kwamba jirani yetu wa upande wa stesheni alikuwa na nguruwe mwenye mimba.

Haikupita wiki. Jike lilizaa 11, ziwa halikumtosha wa mwisho, jirani akataka kummaliza ili asisumbue. Niliitwa na kelele. Nilimkuta mtoto wetu ameshika mkono wa mzee wa watu, mzee amechanganyikiwa, jembe liko chini. "Mwalimu," akaniambia, "huyu mtoto wenu ana nini?" Ningemweleza nini? Akatupa bure, na akacheka: "Atakufa kesho, mtamzika wenyewe."

Hakufa. Tulimnywesha maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila saa mbili, na usiku alilala kwenye boksi la sabuni karibu na jiko. Mama akalalamika: "Mimi chai ya rangi, nguruwe maziwa. Haya." Kwa sababu alikuja jioni, tukikimbizana na polisi wa saa moja, mtoto akamwita Kafyu.

Sasa tukawa na hadithi mbili, moja kitabuni na moja kwenye boksi, na kila kilichosemwa kwenye ya kwanza kilipimwa kwa ya pili. Tulipofika pale kondoo mzee anapomwambia Wilbur kwamba Krismasi atachinjwa, sikuwa na haja ya kueleza. Kwa watoto wa Kampala nilikuwa nafafanua mila za wakulima wa Marekani dakika kumi nzima. Mtoto wa Tororo aliniangalia tu. "Kwani hata Wazungu?" Krismasi ya kwetu bila nguruwe ni Jumanne ya kawaida. Akanyanyuka akaenda kuangalia boksi.

Kazi kubwa ilikuwa maneno ya Charlotte kwenye utando. La kwanza ni "Some Pig". Jaribu kulitafsiri. Nilisema "nguruwe fulani", ikawa kama polisi wanamtafuta. Nikasema "nguruwe wa ajabu", wakaona ana mikia miwili. Mama, aliyeishia darasa la tatu, alikuwa anakuna nazi wala hakuinua uso. "Si nguruwe wa mchezo," akasema. Nikanyamaza. Miaka mitatu ya kufundisha, na jibu lilikuwa jikoni kwetu.

La pili, "Terrific", nililichukua mwenyewe ili nisipitwe: "Nguruwe huyu ni kiboko!" Mpwa wangu akauliza, "Sasa ni nguruwe au ni kiboko?" Wakacheka hadi Mama akashika mbavu, na kwa wiki nzima Kafyu akawa anaitwa Kiboko wa Mto Nile. La mwisho, "Humble", nilileta "mnyenyekevu", neno la kanisani. Mama akalionja mdomoni, akalitema. "Huyo hana makuu. Andika hivyo: hana makuu." Nikaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Bado lipo.

Lakini aliyemteka Mama hakuwa nguruwe wala buibui. Alikuwa Templeton, panya. Templeton ni mchoyo, mlafi, hamtakii mtu heri, na hafanyi lolote bila kujua atapata nini. Ndiye anayetumwa jalalani kuleta vipande vya magazeti ili Charlotte apate maneno, na kila mara lazima aahidiwe chakula. Kwenye daftari langu la majibu nilikuwa nimeandika: Templeton anawakilisha ubinafsi. Mama alisema, "Huyu ndiye mtu ninayemjua. Analipwa, lakini kazi anafanya. Wangapi wanakupenda bure na hawakuletei hata karatasi?" Kisha akamgeukia mke mwenza wake: "Panya ni mimi. Leta kijiko."

Usiku wa sura ile ulikuwa mwezi wa Julai, na mvua imetoka kunyesha. Nilijua inakuja. Nilikuwa nimejiandaa, nina hotuba nzima kichwani kuhusu kifo: ni sehemu ya maisha, aliyekufa hubaki mioyoni, mambo hayo. Nikasoma. Wilbur amepata nishani kwenye maonyesho, hatachinjwa tena. Charlotte ametaga mayai 514 ndani ya mfuko wa hariri na hana nguvu ya kurudi nyumbani. Wilbur anaubeba ule mfuko mdomoni mwake, juu ya ulimi, anapandishwa kwenye kreti, gari linaondoka. Kesho yake uwanja wa maonyesho unavunjwa, mahema yanashushwa, watu wanaenda zao. Katika mamia yote waliofika pale hakuna aliyejua kwamba buibui alikuwa na mkono wake katika sifa zile. Alikufa, na hakuna aliyekuwa naye.

Taa ya sola ilikuwa inaelekea kuzima. Mtoto akauliza, "Kesho atakuwepo?"

"Hapana."

"Lakini Fisi huwa..."

"Fisi ni Fisi," Mama akasema. "Huyu alikuwa amechoka."

Hotuba yangu sikuitoa. Nilikuwa nimepitwa na swali lenyewe. Mtoto alikuwa amekua kwenye hadithi ambamo kifo ni adhabu ya mjinga na hudumu usiku mmoja. Hapa alikuwa amekutana na mwenye akili kuliko wote, mwema, hana kosa, na kesho hayupo. Sijui kama kuna namna ya kumweleza mtu hilo. Angalau yeye alilijua kwa kuuliza kuhusu kesho.

Ila Mama hakuwa amemaliza. Alikaa kimya, akauliza: "Na panya alikuwa wapi?"

"Amepanda kwenye kreti na nguruwe. Ndiye aliyeshusha mfuko wa mayai kutoka darini. Wilbur kamwahidi kila siku atakula yeye kwanza."

"Akaondoka naye?"

"Ndiyo."

"Angebaki," Mama akasema, na alikasirika kwelikweli, kama mtu anayesikia habari za ukoo. "Mayai yameshashushwa, nguruwe ana watu wake. Angebaki. Hata kwa malipo." Akaenda kulala bila kudai sukari.

Sura zilizobaki tulizimaliza haraka. Mayai yanaanguliwa majira ya kuchipua, watoto wa buibui wanapanda angani kwa nyuzi zao na kupeperuka, wanabaki watatu tu bandani. Ni hivyo pia kwa buibui wenyewe: jike wa namna ya Charlotte hutaga mwisho wa msimu na kufa kabla ya baridi kali, na watoto huchukuliwa na upepo. Mtoto aliniuliza kama buibui wa Tororo, ambako hakuna baridi, nao hufa. Nikamwambia hufa. Akasema basi siyo baridi.

Januari 2021 nilirudi Kampala. Shule hazikuwa zimefunguka vya kueleweka, walimu wa shule za watu binafsi hatukuwa na mshahara. Wenzangu walifyatua matofali, mimi nikauza viatu vya mitumba soko la Owino. Nyumbani nilikuwa napiga simu kila Jumapili. Habari kubwa ikawa homa ya nguruwe.

Asiyefuga hajui maana yake. Ile homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba wala haimpati binadamu, lakini nguruwe ikimshika, anaacha kula leo, masikio yanageuka mekundu, na mara nyingi wiki haiishi. Inatembea na viatu vya watu, na ndoo, na masalia ya nyama yanayotupiwa nguruwe. Mbaya zaidi, jirani akiona wake wameanza kuugua anawauza harakaharaka kabla hawajafa, na hapo ndipo inaposambaa. Mtaa wetu walikufa karibu wote, na yule jike mama wa Kafyu akiwamo.

Mpwa wangu alimwokoa wake kwa kufanya alichosikia redioni kuhusu watu. Aliweka beseni la maji ya dawa mlangoni mwa banda, hakuna kuingia bila kuoga miguu. Akaacha kuchukua machicha ya malwa, pombe ya ulezi, kwa majirani, akawa anachemsha mihogo na majani ya viazi mwenyewe. Mgeni marufuku. Bibi yake marufuku. Mama alinipigia kwa hasira: "Mwanangu, nimewekewa kafyu kwa ajili ya Kafyu!" Alikuwa amejivunia, nilisikia. Hiyo ni kati ya simu zetu za mwisho mwisho.

Juni 2021 nchi ikafungwa tena, siku 42. Kutoka wilaya moja kwenda nyingine marufuku, mazishi watu 20. Mama alifariki wiki ya kwanza ya Julai, asubuhi. Dada aliniambia kwa simu maneno mawili, akakata.

Magari yaliyoruhusiwa ni ya mizigo. Mtu wa Owino alinijulisha kwa dereva wa lori la saruji lililokuwa linarudi tupu Tororo, na nikapanda kama utingo, nimevaa ovaroli ya mtu ambaye simjui. Kila kizuizi, Mukono, daraja la Njeru, Iganga, nilishuka nikazunguka lori nikigonga matairi kwa chuma kama niliyezaliwa na kazi hiyo. Ni kilomita 200 na kidogo. Tulilala njiani, Bugiri, kwa ajili ya kafyu. Nilipofika, Mama alikuwa amezikwa jana yake, karibu na mumewe, na udongo ulikuwa bado na alama za makoleo.

Dada alinipokea. Niliuliza mtoto yuko wapi, akanionyesha kwa kidevu: bandani.

Niliosha miguu kwenye beseni, nikaingia. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Kafyu, mkubwa sasa, amelala. Hakuniamkia. Akasema bila kuniangalia:

"Aliomba chai yenye sukari. Nikamwambia subiri nimlishe Kafyu. Akasema haya, nenda. Halafu nikabadilisha maji ya dawa. Nikachelewa. Niliporudi alikuwa ameshakwenda, Mjomba. Peke yake."

Nilitafuta la kusema. Nikatoa nililolikuta: "Bibi alikuwa amechoka."

"Hakuwa amechoka," akasema. "Alitaka chai."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nilikaa kwenye sakafu ya banda na ovaroli ya mtu hadi jioni.

Shule zilifunguliwa tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka 2 tangu zifungwe, na watoto wakapelekwa darasa lililofuata bila mtihani. Wengine hawakurudi. Katika waliosoma naye darasa la nne, mmoja alikuwa tayari anaendesha boda na mmoja ana mtoto mgongoni. Ada zilitakiwa mara moja, sare mpya, viatu, ream za karatasi. Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu za viatu vyangu vya Owino pale mpwa wangu aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tumuuze Kafyu."

Aliita mnunuzi mwenyewe. Wanunuzi wa nguruwe hukadiria kwa macho, na macho yao siku zote huona mdogo. Yeye akatoa futi ya cherehani ya Bibi yake, akampima Kafyu kifua na urefu, akamsomea yule bwana namba. Wakabishana robo saa. Akapandisha kwa shilingi 60,000. Kisha wakamfunga miguu, wakamlaza kwa mkeka juu ya siti ya boda, mpira wa baiskeli umepita tumboni, kichwa kinaning'inia upande, na ile sauti yake, mnaijua sauti ya nguruwe aliyefungwa, ikapanda barabara ya stesheni hadi ikazamia kwenye kelele za malori. Mimi ndiye niliyelia. Mtoto alikuwa anahesabu noti, anazigeuza zote zielekee upande mmoja.

Nikamwambia dada, "Amekua." Nilifikiri nimeona kitu kikubwa. Kwenye kitabu kuna jambo ambalo wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza kila mwaka, na kila mwaka nililijibu kwa sentensi moja. Fern, yule msichana wa shoka, aliyekuwa akikaa kwenye kigoda bandani kila siku na kusikia wanyama wakiongea, siku Wilbur anapopewa nishani yake hana habari. Anaomba pesa akapande gurudumu kubwa la bembea na mvulana anayeitwa Henry. Baada ya hapo haji tena bandani kama zamani. Kwa nini? Daftari langu: Fern amekua. Nikampachika mpwa wangu jibu hilohilo.

Nilikuwa nimekosea, na ilinichukua muda kuona. Tangu Julai alikuwa hambembelezi Kafyu. Alimlisha, alimwosha, alibadilisha maji ya beseni, kila kitu kwa saa yake, lakini hakumwita jina hata siku moja, wala hakukaa tena juu ya ile ndoo. Aliyeondoka bandani akaenda kupanda bembea ni mimi. Niliondoka Januari, na sikuwa nimefukuzwa na njaa peke yake. Nilikuwa nimechoka kuwa mtoto wa mtu, nilitaka mji. Yeye alibaki, na kwa kubaki ndiyo maana ana cha kujilaumu. Asiyekuwepo halaumiwi kwa dakika 20.

Miaka ya baadaye nilikuja kujua kwamba E. B. White alikuwa na shamba lake Maine, na kwamba mwaka 1948, miaka 4 kabla ya kitabu, aliandika insha kuhusu nguruwe wake aliyeugua. Alikuwa amemfuga amchinje, kama kawaida. Nguruwe akaacha kula, na mzee wa watu akakesha naye siku kadhaa akihangaika na dawa, hadi akafa. Nilipoisoma nilicheka peke yangu kwenye teksi. Unamuuguza unayetaka kumla. Mama angesema anamjua mtu huyo.

Sasa mpwa wangu yuko sekondari. Kiswahili kimekuwa somo la lazima miaka 2 ya kwanza, na yeye, kwa majivuno yasiyo na kipimo, humsahihisha mwalimu wake. Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda Tororo. Jioni umeme ulikatika, na mdogo wake, wa miaka 6, akaanza kusumbua anataka hadithi. Nikasikia kabati likifunguliwa. Mpwa wangu alikuwa amekijua kitabu kilipo muda wote.

Alisoma siku nne mfululizo, kama nilivyosoma mimi, macho kwenye Kiingereza na mdomo kwenye Kiswahili. Nguruwe akawa si wa mchezo, akawa kiboko, akawa hana makuu. Mimi nilikuwa mlangoni, najifanya naangalia simu. Siku ya nne akafika kwenye uwanja wa maonyesho. Mfuko wa mayai ukashushwa. Wilbur akapandishwa kwenye kreti, gari likawaka, mahema yakaanza kushushwa. Akafungua ukurasa uliofuata, akautazama kwa muda, nikajua yuko kwenye mstari gani.

"Panya akabaki naye," akasoma.

Niliinua kichwa. Hakunitazama.

"Alibaki kumlinda?" mdogo wake akauliza.

"Alibaki tu. Alikaa pale pembeni mpaka mwisho."

Yule mdogo alikuwa ameshamjua Templeton vizuri, siku nne si haba. Akakunja uso.

"Alilipwa nini?"

Dada yake akafunua ukurasa.

"Sukari," akasema, na akaendelea kusoma.